"Umeiona Mwenyewe": Hadaa katika Uuzaji wa Nyumba Kongwe

 

Ndugu Waislamu, limeenea katika miji yetu ya mwambao neno moja ambalo wauzaji wa nyumba kongwe wamelifanya ngao. Neno lenyewe ni "Umeiona mwenyewe." Muuzaji hulitamka siku ya kukabidhi funguo; dalali hulirudia siku ya kwanza dari inapovuja; na mnunuzi, kwa kuona haya, hunyamaza kana kwamba amekwisha hukumiwa na kadhi. Sisi tunasema bila ya kuficha kwamba neno hilo halimtoi mtu katika dhima. Anayeijua ila ya nyumba yake, akaipaka rangi, akanyamaza na kupokea fedha, amekula mali ya mwenzake kwa batili, hata kama mwenzake huyo aliizunguka nyumba mara kumi akiwa na fundi, kamba ya kupimia na tochi.

Wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawazijui nyumba zenyewe, basi na tuanze nazo. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba; ndiyo maana vyumba vya wazee wetu ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa mita 3 au pungufu. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, na katikati yake mna vifusi vya mawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunywa maji na kuyatoa. Mvua ikiupiga, unyevu huingia, kisha jua na upepo huuvuta nje kupitia katika chokaa. Nyumba hiyo ikitunzwa huishi karne nzima na ziada. Ikipuuzwa huanza kufa kutoka ndani, na uso wake ukabaki kuwa mzuri.

Hapo ndipo hadaa inapopata nafasi. Boriti ya mkoko huoza kwanza kichwani, pale ilipoingizwa ukutani, ambapo jicho halifiki. Anayesimama chumbani akitazama juu huona safu ya boriti zilizonyooka, na pengine zimepakwa rangi zikang'aa, wala hajui kwamba ncha zake zimekuwa unga kwa unyevu au zimeliwa na mchwa. Mwenye nyumba akitandaza dari ya jipsamu chini yake, hata hizo boriti hazionekani tena.

Baya zaidi ni lipu ya saruji. Mtu hupiga saruji juu ya ukuta wa chokaa akidhani anauimarisha, au akijua wazi kwamba anauziba mdomo. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yanayopanda kutoka ardhini na yale yanayopenya kwenye nyufa za juu hufungiwa ndani. Chokaa ya katikati hulainika, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na ncha za boriti huloweka humo mwaka baada ya mwaka. Kwa miezi michache ukuta huonekana kama wa jana. Halafu masika huja, na madoa hutoka mahali palepale yalipokuwa. Tunamwuliza kila anayepiga lipu mpya miezi miwili kabla ya kutangaza nyumba yake: ulikuwa unatengeneza, au ulikuwa unafunika?

Tukitaja mengine, tutayapitia kwa haraka. Kuna bafu lililoongezwa ghorofani katika chumba ambacho hakikujengwa kubeba maji, na mabomba yake yanavuja ndani ya sakafu. Kuna tangi la lita 1,000 lililowekwa juu ya paa, na kila mmoja wetu anajua kwamba maji hayo peke yake yana uzito wa tani 1, mbali na tangi lenyewe. Kuna nguzo na mikanda ya zege iliyochanganywa na mchanga wa pwani, ambayo chuma chake kinashika kutu, kinavimba na kuipasua zege kutoka ndani. Kuna kisima kilichofunikwa kwa kifusi na karo la zamani chini ya ua. Na kuna ukuta wa shirika, ambao jirani ameubomoa upande wake akaacha upande wako ukisimama bila ya mwega.

Sasa watu wanasema: "Lakini tulileta mkaguzi." Ni vyema, nasi tunahimiza hilo. Ila ni lazima tuelewe mkaguzi gani na ameona nini. Mara nyingi anayeitwa mkaguzi ni mthamini aliyetumwa na benki, na kazi yake ni kuijulisha benki kama nyumba hiyo inafaa kuwa dhamana ya mkopo. Yeye hatoboi lipu wala hafungui dari. Ripoti yake huja na mhuri, mnunuzi akaibusu akidhani amepewa cheti cha uzima wa nyumba, kumbe amepewa makadirio ya bei.

Wala jambo hili halihusu kwetu tu. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wamehamia na kununua nyumba zilizojengwa zama za Malkia Victoria, wanao wataalamu wa ukaguzi wenye chama chao tangu mwaka 1868, na ripoti zao huandikwa kwa madaraja. Hata hivyo ukaguzi wao wa kawaida ni wa kutazama kile kinachoonekana. Zulia lililogongomewa halifunuliwi, kabati zito halisogezwi, ubao wa sakafu haung'olewi. Iko kesi mashuhuri iliyoamuliwa mwaka 1989 na Baraza la Mabwana, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo. Mama mmoja wa mji wa Norwich alinunua nyumba kwa kutegemea ripoti ya mthamini wa mkopeshaji. Mthamini aliona kwamba sehemu ya chini ya dohani imekwisha kuondolewa chumbani, lakini hakupanda kutazama kama sehemu iliyobaki juu ilikuwa imeshikiliwa na kitu. Ripoti ikasema hakuna matengenezo ya lazima. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, matofali ya dohani yakaporomoka, yakatoboa dari na kuangukia chumba cha kulala.

Katika makaratasi ya mkopo na ya ripoti palikuwa na maneno ya kujivua: kwamba mthamini hatabeba dhima kwa mnunuzi. Mahakama ikayakataa maneno hayo. Ikasema kwamba mthamini alijua fika kuwa mnunuzi wa nyumba ya bei ya kawaida ataitegemea ripoti hiyo, na kwamba si haki kujikinga kwa mstari mmoja wa maandishi. Tumeitaja hukumu hii ya wasiokuwa Waislamu kwa makusudi. Ikiwa wao wamekataa kumwacha mtu ajifiche nyuma ya karatasi kwa kosa la kutokutazama vizuri, basi vipi Muislamu atajificha nyuma ya karatasi kwa jambo alilolitazama, akalijua na kulifunika kwa mkono wake?

Wala tusijidanganye kwamba nyumba zetu zitatuvumilia. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iliporomoka pale Forodhani likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Hilo ni jumba la serikali, katika mji uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na mafundi walikuwa ndani yake. Je, nyumba ya mtu binafsi iliyomo kichochoroni, ambayo watoto wanalala chini ya boriti zilizooza, nani anaijua hali yake zaidi ya yule aliyeishi humo miaka 30 na ambaye leo anaiuza?

Tuje kwenye sharia. Kila aliyewahi kuketi katika darsa ameisikia habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani na vidole vikakuta unyevu. Mwenye rundo akajitetea kwamba ni mvua ndiyo iliyolinyeshea. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza kwa nini mvua ilinyesha, alimuuliza kwa nini asiuweke ule unyevu juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Zingatieni, ndugu zetu: rundo lile lilikuwa wazi sokoni, na kila mnunuzi aliweza kuingiza mkono. Hoja ya "umeiona mwenyewe" ilikuwapo siku ile, na haikupokelewa. Na tofauti kati ya nafaka iliyokauka juu na ukuta uliokauka juu sisi hatuioni.

Wengine hujitetea kwa sharti la mkataba, wakaandika kwamba nyumba inauzwa "kama ilivyo, pamoja na ila zake zote". Hili nalo lina historia. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kujivua na ila. Mnunuzi akagundua maradhi, wakashitakiana kwa Khalifa Uthman (r.a.). Uthman akahukumu kwamba Ibn Umar ale kiapo kuwa alipouza hakuijua ila hiyo. Ibn Umar, mtu aliyejulikana kwa uchamungu, hakukubali kuapa, akamrejesha mtumwa na bei ikarudishwa. Na baadaye akamuuza kwa dirhamu 1,500. Sharti lilikuwapo, na halikutosha.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wanayoyafuata wengi wetu katika mwambao huu, kauli iliyo mashuhuri zaidi ni kwamba sharti la kujivua linamwokoa muuzaji katika ila ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, basi. Nyumba si mnyama. Kwa hiyo mwenye kuandika "kama ilivyo" juu ya nyumba hajaondosha haki ya mnunuzi kuirudisha, isipokuwa kwa ila aliyoitaja na kumwonesha. Tunajua kwamba Wahanafi wamelipa sharti hilo nguvu kubwa zaidi, na hatuwalaumu wanaowafuata. Lakini hatujamsikia mwanachuoni wa madhehebu yoyote aliyehalalisha kuficha. Hata Sheria ya Mikataba ya Tanzania Bara, sura ya 345, imehesabu kitendo cha kulificha jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu.

Yuko pia muuzaji asiyejua. Nyumba nyingi kongwe ni za mirathi. Wenye hisa wako Maskati, Dubai na London, na hawajalala humo tangu utotoni. Huyu, ikiwa kweli hakujua, dhambi ya hadaa hana. Lakini haki ya mnunuzi haiondoki kwa ujinga wa muuzaji, kwani khiyari ya ila husimama juu ya kuwepo kwa ila wakati wa mauzo. Warithi waliokwisha kugawana fedha wanapaswa kulijua hilo kabla ya kuzitumia.

Tumezungumza mno juu ya muuzaji, na huenda wengine wameanza kustarehe. Tumgeukie dalali na fundi. Mwaka mmoja ndugu yetu mmoja aliuza shamba lake, akaongeza akiba ya mkewe, akanunua nyumba ya ghorofa 2 katika mtaa mmoja wa Mji Mkongwe. Aliikagua mara tatu, zote katika kiangazi. Masika yalipofika, kipande cha dari ya chumba cha wasichana kikaanguka usiku; kwa rehema ya Mwenyezi Mungu walikuwa wamelala kwa bibi yao. Nyuma ya dari zilionekana boriti 4 zilizoning'inia hewani, zimeshikiliwa na misumari ya ile dari mpya. Fundi aliyeitandaza akaulizwa. Akakiri kwamba aliziona, akamwambia mwenye nyumba, akajibiwa afunike, akafunika. Na fundi huyo siku zote anaswali safu moja na yule aliyenunua! Alipoulizwa kwa nini hakusema, alijibu kwamba hakuulizwa.

Jibu hilo lilikwisha kukataliwa zamani. Sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) alikuwapo pale ngamia alipouzwa. Ngamia hakuwa wake, wala yeye hakuwa dalali. Mnunuzi alipoondoka, Wathila alimkimbilia nyuma akamuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa kupanda. Aliposema kwa kupanda, akamjulisha kwamba amemwona na tundu katika wayo na kwamba hatahimili safari ndefu. Mnunuzi akarudi na bei ikapunguzwa. Muuzaji alipomlaumu kwa kumharibia biashara, Wathila akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): kwamba haimpasi muuzaji kuuza bila ya kubainisha ila, wala haimpasi mwingine anayeijua kunyamaza. Wathila hakuulizwa na mtu. Alikimbia kwa miguu yake.

Dalali hujibu: "Nikisema yote, sitauza nyumba hata moja." Hilo si kweli. Nyumba yenye ila huuzwa kila siku, kwa bei ya nyumba yenye ila. Anachokihofia dalali ni kupungua kwa ujira wake, na tungependa aseme hivyo. Wengine hujibu kwamba kila mtu anajua kuwa nyumba kongwe haikosi kasoro. Naam, hilo ni la jumla, na mnunuzi analijua. Asilolijua ni kwamba boriti ya tatu kutoka dirishani imekatika, nawe unalijua. Na wapo wanaonong'ona kuwa mnunuzi ni mgeni tajiri kutoka Ulaya anayetaka kufanya hoteli, kwa hiyo hakuna ubaya. Tunawauliza: ni mwanachuoni gani aliyewafundisha kwamba amana ina uraia?

Mnunuzi naye anayo yake ya kuyajua, la sivyo haki yake itampotea mkononi. Katika madhehebu yetu kurudisha kwa ajili ya ila ni jambo la papo kwa papo. Ukigundua leo, leo ndiyo siku ya kumwendea muuzaji au kadhi. Unasubiriwa umalize swala na chakula, na ukigundua usiku unasubiriwa kupambazuke. Ukiendelea kupangisha vyumba na kufanya harusi ukumbini huku ukilalamika barazani, umeonesha kuridhika. Ikiwa wewe nawe umekwisha kuongeza kasoro mpya kwa kubomoa na kukata ukuta, basi njia ni fidia ya upungufu wa thamani, mpatane. Na aliyeijua ila kabla ya kununua akaridhia, huyo hana la kudai.

Kabla ya kufika huko, ikagueni nyumba katika masika, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Gongeni lipu kwa kifundo cha kidole. Inayolia utupu imeachana na ukuta. Ombeni kibali cha kutoboa dari kwa ukubwa wa kiganja karibu na ukuta, na kuchoma ncha za boriti kwa bisibisi. Muuzaji akikataa kiganja kimoja cha dari, amekwisha kuwajibu. Tazameni milango: uliorandwa juu upande mmoja mara kwa mara unasimulia habari ya ukuta unaokaa. Kwa nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, ulizeni pia katika Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji, iliyoundwa mwaka 1985, kama yale matengenezo mapya yalikuwa na kibali. Na kabla ya yote hayo thibitisheni kwamba nyumba si wakfu, kwani hiyo ni ila ambayo hakuna bisibisi inayoifikia.

Mwisho tunawageukia wazee na maimamu wetu, kwa sababu mauzo mengi hufungwa mbele yao, mara nyingi baada ya swala ya Alasiri, na majina yao ndiyo yanayopamba karatasi. Tunapendekeza kwamba asiandike shahidi jina lake mpaka muuzaji ajibu kwa sauti, na jibu liandikwe kabla ya kutajwa bei: Lipu hii ilipigwa lini, na chini yake palikuwa na nini? Dari hii inafunika nini? Maji huingia wapi katika masika? Ni ukuta gani unaoshirikiana na jirani? Kisima na karo viko wapi? Kisha dalali naye aulizwe, na fundi aliyefanya kazi ya mwisho aitwe. Akisema hajui, iandikwe kuwa amesema hajui, naye atie sahihi chini ya maneno hayo. Anayeona uzito kutia sahihi, asihimizwe. Mauzo yaahirishwe, na dari ifunguliwe.